Sebule Inayotazama Machweo: Kisa cha Kiyoyozi Kilichoshindwa na Kioo

"Fundi, hii AC imechoka au nimepigwa?"

Hilo ndilo swali alilonipokea nalo mwalimu mstaafu mmoja wa Wilolesi, Iringa, Jumamosi ya katikati ya Oktoba, nikiwa hata sijamaliza kumpa shikamoo yake. Alikuwa na kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), mwaka wa pili tangu kifungwe. Asubuhi kinapuliza vizuri, mchana kinapuliza vizuri, lakini ikishagonga saa kumi alasiri chumba kinaanza kupanda joto huku mashine ikiunguruma bila kupumzika. Saa kumi na moja wajukuu wanahamia jikoni na vitabu vyao. Mafundi wawili walishapita. Wa kwanza aliongeza gesi, wa pili akaongeza gesi tena. Duka alikonunua lilimshauri abadilishe, achukue ya BTU 24,000, na pesa ya kuongezea alishaanza kuitenga. Mimi aliniita niseme neno la mwisho tu: akubali au asikubali.

Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nyumba za namna ile zinaongezeka kila mwaka kwenye miji yetu ya nyanda za juu, iwe Iringa, Mafinga, Njombe au Mbeya. Sebule kubwa, madirisha ya alumini yanayoanzia sakafuni, bati za msauzi za maruni au nyeusi, dari ya jipsamu isiyo na kitu juu yake. Halafu kiyoyozi kinachaguliwa kwa kupima sakafu.

Nilianza na mashine, kwa kuwa mteja aliyelalamikia mashine anastahili kwanza kujibiwa kuhusu mashine. Chujio lilikuwa safi, feni ya nje inazunguka bila kelele, kompresa, yaani pampu ya gesi, inavuta ampea 7 hivi. Nikaweka kipimajoto mahali hewa inapoingilia, kikasoma nyuzi 27. Nikakihamishia inapotokea, nyuzi 15. Tofauti ya nyuzi 12. Mashine inayoteremsha hewa nyuzi 12 haiumwi. Gesi iliyoongezwa mara mbili haikuwa na sababu ya kuongezwa hata mara moja, na hili linaniuma kila ninapolikuta. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mkaa. Kama imepungua, kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu amechukua pesa ya mtu bure.

Ikawa saa kumi na nusu. Nilikuwa nimepiga magoti karibu na mlango mkubwa wa kioo, na nikahisi goti la kulia linaungua. Mwanga wa jua ulikuwa umelala juu ya marumaru kama mkeka wa njano, ukaingia ndani zaidi ya mita tatu, ukapita chini ya meza hadi kwenye miguu ya kochi. Nikaelekeza kipimajoto cha infraredi kwenye marumaru penye mwanga: nyuzi 39. Hatua moja pembeni, kivulini: nyuzi 27. Nikatoka nje kupima hewa chini ya mti wa parachichi: nyuzi 27 na nusu. Sebule yenyewe ilikuwa imeshafika 28 na inapanda, na saa kumi na moja ikasoma 29. Ndani mna joto kuliko nje, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi.

Hapo sikuhitaji tena kuangalia mashine. Joto lile halikuwa linatoka kwenye hewa ya Iringa. Lilikuwa linaingia kupitia kioo, likiwa mwanga, na kugeuka joto ndani.

Kupima kioo badala ya sakafu

Kanuni ya dukani ni fupi: mita za mraba za chumba zidisha kwa 600, unapata BTU. Sebule ya mwalimu ni mita 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30, na 30 mara 600 ni 18,000. Hesabu ya duka haikukosewa hata nukta. Kasoro yake ni kwamba haikuuliza dirisha linatazama wapi. Chumba hichohicho kikitazama kusini na kikiwa na madirisha mawili madogo, 18,000 ingekuwa kubwa mno. Nilitumia kanuni hiyo kwa miaka mingi, na ninajua kwa nini mafundi tunaipenda: inaisha kabla chai haijapoa. Lakini sakafu haizalishi joto.

Nikatoa futi na dira ya simu. Ukuta wa magharibi una mlango wa kusukuma wa upana wa mita 3 na urefu wa mita 2.1, na dirisha la mita 2 kwa 1.5. Jumla ni mita za mraba 9.3. Ukiondoa fremu za alumini, kioo chenyewe kinabaki kama mita 8. Ni kioo cheupe cha milimita 5, cha tabaka moja. Kaskazini kuna dirisha dogo, kioo chake mita moja na nusu. Dira ilionyesha ukuta ule unatazama magharibi kamili.

Magharibi kamili, katikati ya Oktoba, Iringa. Mambo hayo matatu yakikutana ndipo jua linapokuwa kali kuliko mtu anavyodhani. Mji uko kwenye latitudo ya karibu nyuzi 7.8 kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka jua la mchana hupita utosini kabisa: karibu katikati ya Oktoba, na tena mwishoni mwa Februari. Siku hizo jua huchomoza karibu mashariki kamili na kutua karibu magharibi kamili. Likishapinda kutoka utosini, linateremka moja kwa moja mbele ya dirisha la mwalimu, bila kwenda kulia wala kushoto, hadi linapozama. Na Oktoba ndio mwezi ambao mvua bado haijaanza, mawingu ni haba, na hewa nayo iko karibu na joto lake la juu la mwaka.

Kuna jambo la saa pia, ambalo wengi hawalitazami. Saa zetu za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita baharini, mbali hata na Dar es Salaam. Iringa iko karibu 35.7. Kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4, kwa hiyo jua la Iringa liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 37 hivi. Mbeya liko nyuma zaidi, dakika 46. Mwezi wa Oktoba mwendo wa dunia wenyewe unarudisha kama dakika 14, kwa hiyo jua hufika kileleni Iringa karibu saa sita na dakika 23. Februari mwendo huohuo unalichelewesha zaidi, na kilele kinasogea hadi karibu saa saba kasoro dakika kumi. Maana yake kwa fundi ni kwamba ukiandika kwenye daftari "saa kumi alasiri", jua bado halijafika mahali ambapo jedwali lako la nguvu ya jua linadhani limefika saa hiyo. Moto wa jioni unachelewa kuja na unachelewa kuondoka. Hiyo ni sababu mojawapo ya wajukuu kukimbia jioni, saa kumi na moja.

Tukija kwenye nguvu yenyewe: saa nne baada ya jua kupita utosini, jua huwa limeinama hadi nyuzi 31 hivi juu ya upeo wa macho. Siku ya anga safi, ukuta unaotazama magharibi hupokea wakati huo karibu wati 700 kwa kila mita ya mraba, ukijumlisha miale ya moja kwa moja, mwanga wa anga na unaorudishwa na ardhi. Kioo cheupe cha tabaka moja huruhusu karibu asilimia 80 ya nguvu hiyo iingie. Basi: mita 8, mara wati 700, mara 0.8. Jibu ni wati 4,480.

Nilimwonyesha mwalimu namba hiyo kwenye daftari. Alifundisha hisabati miaka yake yote, kwa hiyo hakuitazama tu, aliikokotoa upya kwa kalamu yake. Kisha akaniuliza, "Pasi yangu ya umeme ni wati elfu moja na kidogo. Unataka kuniambia nina pasi nne zimewaka sebuleni?" Ndiyo, Mwalimu. Nne, na hazizimiki hadi jua litue.

Sasa linganisha na joto la hewa ya nje. Kioo chote cha chumba ni mita 9.5. Kila mita hupitisha kama wati 5.8 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani. Nje 28, ndani tunataka 24, tofauti ni 4. Jibu: wati 220. Jua linaingiza 4,480, hewa inaingiza 220. Mara ishirini! Huo ndio ukweli wa nyanda za juu ambao kanuni ya sakafu inauficha. Hewa yetu haina shida, kiyoyozi kikinunuliwa huku kimenunuliwa kupambana na jua, na jua lina mlango wake linalopitia.

Yaliyobaki niliyahesabu haraka. Dirisha la kaskazini, ambalo jioni linapata mwanga wa anga tu, wati 120. Ukuta wa magharibi ni wa tofali za kuchoma, mzito, na joto lake huchukua saa sita hadi nane kufika ndani. Kwa hiyo alasiri hautoi mengi, nikaweka wati 150. Watu watano waliokaa, wati 100 kila mmoja, 500. Televisheni na taa, 200. Hewa inayopenya kwenye nyufa, 100, na hapa nilikumbuka kuwa kwenye mwinuko wa Iringa, mita kama 1,550, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo hubeba joto pungufu kuliko hesabu za Dar.

Hewa hiyo nyepesi hugusa mashine pia. Feni inasukuma hewa yenye uzito mdogo, na uwezo wa kupoza unashuka kidogo. Upande wa pili, BTU zinazoandikwa kwenye kibandiko hupimwa nje kukiwa na nyuzi 35, na Iringa haifiki huko, jambo linaloirudishia mashine sehemu ya nguvu yake. Kwa nyumba hii sikukata wala kuongeza.

Paa lilinishangaza. Nilipanda kwa ngazi hadi kwenye tundu la dari, nikaingiza kipimajoto: nyuzi 41, saa kumi na nusu, jua likiwa limeshainama. Mchana inakuwa zaidi. Jipsamu peke yake hupitisha kama wati 2.7 kwa mita kwa kila nyuzi ya tofauti. Mita 30, mara 2.7, mara tofauti ya 17 kati ya darini na chumbani, ni wati 1,380 hivi. Pasi ya tano.

Jumla ikawa wati 7,150. Ukizidisha kwa 3.41 kupata BTU, unapata zaidi kidogo ya 24,000.

Hapo nilinyamaza kidogo. Duka lilimwambia abadilishe achukue 24,000, na hesabu yangu inasema duka lina haki. Mashine aliyonayo inatoa kama wati 5,300, chumba kinadai 7,150, na pengo hilo ndilo lililokuwa linapandisha chumba hadi nyuzi 29. Kama kazi yangu ingekuwa kuthibitisha ukubwa wa mashine peke yake, ningesema nunua, nikalipwa, nikaenda. Lakini ukishaiona hesabu ikiwa imegawanyika mafungu, huwezi tena kuitazama kama namba moja. Zaidi ya nusu ya mzigo ni mita nane za kioo. Kununua mashine kubwa zaidi ili kupambana na mita nane za kioo ni kutwanga maji, tena maji ya kulipia kila mwezi kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Upenu, pazia na turubai

Mwalimu alikuwa na hoja. "Lakini upenu upo, fundi. Na mapazia haya nilinunua mazito kwa kusudi hilohilo."

Tukatoka nje na futi. Upenu wa paa umetokeza sentimita 60. Jua likiwa nyuzi 31 juu ya upeo, upenu wa sentimita 60 unashusha kivuli cha sentimita 36 tu. Na kichwa cha mlango wa kioo kinaanza sentimita 40 chini ya upenu. Tulisimama tukaona mstari wa kivuli ukiwa umekatika ukutani, vidole viwili juu ya fremu, kioo chote kikiwa wazi juani. Ili upenu uufunike mlango ule wote saa ile, ungetakiwa utokeze zaidi ya mita 4. Hicho si upenu tena, ni chumba kingine. Upenu ni dawa ya jua la juu. Jua la jioni linaingia chini yake kama mgeni asiyebisha hodi.

Mapazia yalikuwa ya maruni, kitambaa kizito kweli. Nikayafunga, tukasubiri robo saa, nikapima upande wa ndani: nyuzi 41. Mwalimu akaweka kiganja, akakitoa haraka. Mwanga ukishapita kwenye kioo na kugonga kitambaa cheusi, unakuwa joto, na joto la namna hiyo kioo hakiliruhusu lirudi nje kwa njia ya mwanga. Limeshaingia nyumbani. Pazia limekuwa jiko. Pazia jeupe lingesaidia, kwa sababu lingerudisha sehemu ya mwanga ukiwa bado mwanga, lakini bado ni kupigana na mwizi akiwa tayari sebuleni.

Sikutaka aniamini kwa maneno. Nikamwomba turubai la kijani lililokuwa limefunika matofali nyuma ya nyumba. Mimi na mjukuu wake mkubwa tukalifunga kwa kamba kutoka kwenye mbao za upenu hadi kwenye vigingi viwili, likasimama kama nusu mita mbele ya kioo, juu na pembeni tukaacha wazi ili hewa moto ipande na kuondoka. Halikuwa zuri kutazama. Nikamwachia kipimajoto na karatasi: kila nusu saa, kuanzia saa nane hadi saa moja usiku, aandike joto la ndani, joto la nje, na kama kompresa inaunguruma au imenyamaza. Jumapili na Jumatatu. AC iwekwe nyuzi 24 kama siku zote.

Karatasi ile ninayo. Mwandiko wa mwalimu, mistari imenyooka kwa rula. Jumapili saa kumi na moja: ndani 25, nje 27, "imenyamaza". Jumatatu saa kumi na moja: ndani 24, nje 28, "inaunguruma". Pembeni ya Jumatatu, saa kumi na mbili, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Imezimwa. Tumefungua madirisha."

Mashine ileile iliyosemekana imechoka.

Mianzi

Ndipo tukaanza kuzungumza juu ya kitu cha kudumu. Nilimpa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa karatasi ya tinti ya kubandika kwenye kioo. Inapunguza joto, sikatai, lakini kinachopungua kinapungua mwaka mzima, na Iringa ina Juni na Julai. Miezi hiyo jua la mchana liko kaskazini, jioni linatua kaskazini kidogo ya magharibi, usiku baridi inauma, na jua la saa kumi sebuleni ni baraka. Mama yake mwalimu, bibi wa umri mkubwa, hukaa pale kila jioni ya kipupwe na kuota jua akiwa amejifunika khanga mbili. Tinti nyeusi ya bei nafuu ina ubaya mwingine: inafyonza joto badala ya kulirudisha, kioo chenyewe kinakuwa moto, na sehemu ya joto hilo inaishia ndani.

Ya pili ilikuwa kibaraza chenye paa upande wa magharibi. Ni nzuri, ila ni ujenzi, na alitaka kuendelea kuona machweo.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua. Iringa ina mianzi. Kila mtu anaijua kwa ulanzi, pombe yake, lakini fimbo zake zikipasuliwa nyembamba na kusukwa kwa kamba zinakuwa pazia zuri la nje, linalokunjwa kwa kuviringishwa juu. Msukaji alitengeneza mapazia matatu, mawili ya mlango na moja la dirisha. Tuliyaning'iniza kwenye ncha ya upenu, yaani sentimita 60 mbele ya kioo, na chini tukayafunga kwa kulabu ili upepo wa Iringa wa Septemba na Oktoba usiyapige ukutani. Gharama yote haikufika robo ya bei ya kiyoyozi kipya.

Mianzi iliyosukwa hivyo haizibi kabisa. Mwanga mwembamba unapenya kama kwenye kichanja, na unaweza kuona nje. Nilikadiria kwamba robo ya jua inaendelea kupita. Kwa kadirio hilo, wati 4,480 zinakuwa 1,120, na jumla ya chumba inashuka kutoka 7,150 hadi 3,790, karibu BTU 13,000. Mashine ya 18,000 ikawa na nafasi. Wiki ya kwanza ya Novemba nilirudi kupima wakati wa jua kali: kompresa ilikuwa inafanya kazi dakika 12 na kupumzika 5, chumba kimesimama kwenye 24.

Kwa upande wa LUKU, zamani AC ilikuwa inawaka kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku bila kukata. Inakula wati 1,600, saa nane, ni uniti 13 hivi kwa siku, na kwa bei ya zaidi kidogo ya shilingi 350 kwa uniti ni karibu shilingi 4,500. Sasa inawashwa saa tisa na kuzimwa jua likitua, tena kwa kukatakata. Uniti tatu na nusu. Jua likishazama, hewa ya nje inashuka upesi, madirisha yanafunguliwa nyuma ya grili na wavu wa mbu, na joto lililokuwa limehifadhiwa kwenye tofali linatoka lenyewe. Kupoza nyumba usiku kwa hewa ya Iringa hakuhitaji hata senti moja. Watu wa Dar wangelipa kupata usiku kama wetu.

Neno moja kwa mafundi wenzangu kuhusu jedwali na programu za simu. Nyingi zimetengenezwa kwa nchi za mbali kaskazini, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na dirisha linaloogopwa ni la kusini. Ukijaza nyumba ya Iringa bila kufikiri, programu itakuambia dirisha la kusini ndilo adui. Huku kwetu jua la mchana linakuwa kusini kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari tu, na hata tarehe 21 Desemba liko juu sana, nyuzi 74, upenu wa kawaida unalizuia. Tarehe 21 Juni liko kaskazini, nyuzi 59, na wakati huo hakuna anayetaka kiyoyozi. Kinachobaki ni paa, mashariki na magharibi. Kati ya mashariki na magharibi, nguvu ya jua ni ileile, lakini mashariki inapigwa asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi na kuta zimepoa usiku kucha. Magharibi inapigwa wakati kila kitu kimeshapata joto. Programu nzuri itakuuliza latitudo na alama ya kusini. Isipokuuliza, iache, chukua daftari.

Hilo la mashariki lilikuja kuwa na kazi yake. Mwalimu alikuwa pia ameandaliwa bei ya AC ya BTU 12,000 kwa chumba cha binti yake, kinachotazama mashariki. Tulikihesabu pamoja, safari hii yeye akiwa ameshika kalamu. Kioo mita moja na nusu, jua la asubuhi wati 650, mara 0.8: wati 780, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, binti akiwa kazini na dirisha likiwa wazi. Alipiga mstari chini ya jibu, akafunga daftari. Pesa ile alisema itaenda darini.

Dari bado haijafanywa. Hesabu yake iko tayari: pamba ya kioo ya sentimita 10 juu ya jipsamu itashusha zile wati 1,380 hadi kama 200, na sebule itabaki inadai wati 2,610 tu, chini kidogo ya BTU 9,000 saa ya jua kali kuliko zote. Nilimweleza wazi kwamba siku hiyo mashine ya 18,000 itakuwa kubwa mara mbili ya haja, itawaka na kuzima mara nyingi, na kwa kuwa si ya inveta, yaani haiwezi kupunguza kasi ya kompresa, kuwaka na kuzima kutaichosha. Hewa ya Oktoba ni kavu, kwa hiyo hatutapata unyevu chumbani kama wanavyopata pwani kwenye mashine kubwa kupita kiasi, lakini kompresa itaumia. Tukakubaliana: itumike hadi ife, kisha inunuliwe ya 9,000 yenye inveta. Kama angenunua ile ya 24,000, angekuwa amelipia karibu mara tatu ya anachohitaji.

Mwishoni mwa Februari, jua liliporudi utosini, alinipigia saa kumi na moja na robo. Mvua ilikuwa imepumzika siku tatu, anga nyeupe. Ndani 26, AC imezimwa tangu asubuhi, mianzi imeshushwa, wajukuu wako sebuleni na vitabu vyao. Alitaka kujua kama pamba ya kioo inawasha ngozi, na kama fundi wa dari atahitaji kuvaa barakoa. Nikamwambia inawasha, na ahakikishe anavaa barakoa, glovu na mikono mirefu, na waifanye asubuhi na mapema, kabla bati halijapata moto.